Temostati ya nyuzi za chini kwa magari ya kasi: je, inafaa Kigali?

Na Mwandishi Wetu wa Biashara, Kigali

Kipuri chenyewe kinaenea kiganjani na kinaweza kusafiri mfukoni mwa abiria wa basi kutoka Kampala hadi Nyabugogo. Hata hivyo, kwa mwenye gari la turbo, uamuzi juu ya kipuri hicho unaweza kuleta tofauti kati ya injini itakayodumu na injini itakayoishia mezani kwa fundi ikisubiri gasketi mpya.

Kipuri hicho ni temostati. Swali linaloulizwa na wenye Subaru Impreza WRX, Mitsubishi Lancer Evolution, BMW na magari mengine ya aina hiyo ni kama inafaa kuondoa temostati ya kiwanda na kufunga nyingine inayofunguka mapema zaidi, ili injini ifanye kazi ikiwa na joto la chini.

Hamasa ya michezo ya magari imekuwa kubwa nchini Rwanda. Mashindano ya Rwanda Mountain Gorilla Rally yamo katika ubingwa wa rally wa Afrika, na Desemba 2024 Kigali iliandaa mkutano mkuu wa shirikisho la kimataifa la magari, FIA, pamoja na hafla yake ya tuzo. Wakati huo Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za Formula 1. Palipo na hamasa huwa pana soko la vipuri, na palipo na soko mnunuzi anahitaji maelezo kabla ya kutoa fedha zake.

TEMOSTATI INAFANYA KAZI GANI

Temostati ni vali inayokaa kati ya injini na rejeta. Ndani yake kuna kikopo kidogo chenye nta. Nta ikipata joto la kutosha huyeyuka na kutanuka, husukuma kipini, na vali hufunguka ili maji ya injini yaende kupozwa kwenye rejeta. Joto likishuka, springi huirudisha vali mahali pake. Teknolojia hii ya nta imetumika kwenye magari tangu miaka ya 1930.

Temostati nyingi zimegongwa namba ya nyuzijoto. Msomaji azingatie kwamba namba hiyo ni pale vali inapoanza kufunguka, si pale inapofunguka kabisa. Kutoka mwanzo hadi mwisho huchukua takriban nyuzi 10 hadi 15 zaidi. Kwa mfano, temostati ya kawaida ya Subaru za injini ya EJ huanza kufunguka karibu nyuzi 78 za Sentigredi na hufunguka kabisa karibu nyuzi 91. Zile za nyuzi za chini zinazouzwa kwa magari ya kasi huanza kufunguka karibu nyuzi 68 hadi 71.

Magari mengi ya Ulaya yako juu zaidi ya hapo. Injini ya BMW aina ya M54, kwa mfano, ina temostati ya nyuzi 97. Watengenezaji walipandisha joto hilo kwa sababu injini yenye joto la kutosha hula mafuta kidogo na hutoa moshi ulio safi zaidi. Lakini temostati hiyo ya BMW ina waya wa umeme: dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu, kompyuta ya gari hupasha nta na kuifungua vali mapema. Kwa maneno mengine, kiwanda kimeshaweka ndani ya gari kile ambacho mwenye gari anataka kukinunua dukani.

KIMA CHA CHINI NA KIMA CHA JUU

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba temostati hupanga kima cha chini cha joto la injini. Kima cha juu hupangwa na rejeta, feni, pampu ya maji na upepo unaopita mbele ya gari. Tukitumia lugha ya soko, temostati ni mamlaka inayopanga bei ya chini tu. Haina uwezo wa kuzuia bei isipande.

Tuchukue gari linalopanda mlima wa Shyorongi, kwenye barabara ya Musanze, nyuma ya malori yaendayo taratibu. Geji inaonyesha nyuzi 105. Temostati ya nyuzi 88 wakati huo imeshafunguka kabisa. Ile ya nyuzi 71 nayo imeshafunguka kabisa. Maji yanayopita ni takriban yale yale, rejeta ni ile ile, na joto litaendelea kupanda vile vile. Tofauti pekee ni kwamba gari la pili lilianza kupanda mlima likiwa na joto la chini kidogo, hivyo lilichelewa kwa muda mfupi kufika hapo.

Kwenye foleni ya jioni pale Giporoso au Nyabugogo hali ni hiyo hiyo. Gari likisimama hakuna upepo, kwa hiyo joto hupanda hadi pale feni ya umeme inapoamriwa kuwaka, ambapo kwa magari mengi ni karibu nyuzi 95. Ukibadilisha temostati bila kubadilisha amri ya feni, kwenye foleni utabaki na joto lile lile la zamani.

Kwa hiyo gari linalochemsha haliponi kwa temostati ya nyuzi za chini, isipokuwa kama tatizo lenyewe lilikuwa temostati mbovu iliyogoma kufunguka. Katika hali hiyo, temostati mpya ya kiwanda ingelitibu vile vile.

MWINUKO WA KIGALI UNABADILISHA NINI

Kigali iko takriban mita 1,567 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni karibu asilimia 83 ya lile la pwani, na maji katika sufuria iliyo wazi huchemka karibu nyuzi 95 badala ya 100. Mambo matatu yanafuata.

Kwanza, hewa ni nyepesi. Ukilinganisha siku ya nyuzi 20 Kigali na siku ya nyuzi 30 Dar es Salaam au Mombasa, hewa ya Kigali ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 14, hivyo inabeba joto kidogo kutoka kwenye rejeta. Lakini hewa hiyo pia ni ya baridi zaidi. Maji ya injini yakiwa nyuzi 90, tofauti yake na hewa ni nyuzi 70 Kigali na nyuzi 60 tu pwani. Kwa hesabu ya kukadiria, hasara ya wepesi na faida ya ubaridi zinakaribia kufutana. Anayedai kwamba Kigali inahitaji temostati maalumu kwa sababu ya mwinuko peke yake hajamaliza hesabu.

Pili, injini ya turbo inafanya kazi zaidi. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kadiri hewa inavyokuwa nyepesi. Ile ya turbo hujaribu kufidia kwa kuzungusha turbo kwa kasi zaidi, na hewa inayoingia kwenye silinda hupata joto zaidi. Hapa ndipo injini inapoanza kugonga, yaani mchanganyiko wa petroli na hewa kuwaka kabla ya wakati wake. Kugonga huko ndiko huvunja pistoni.

Tatu, mfuniko wa rejeta una thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mfuniko mzima hushikilia shinikizo la ziada la takriban bar 0.9 hadi 1.1, na kwa shinikizo hilo maji matupu hapa Kigali huchemka baada ya kupita nyuzi 115. Mfuniko uliochoka usioshikilia kitu huyaacha maji yachemke kwenye nyuzi 95, yaani pale pale feni inapoanza kuwaka. Gari la namna hiyo litachemsha hata ukilifungia temostati ya aina gani. Mfuniko ni kipuri cha bei ndogo, na ndio unaopaswa kutangulia.

FAIDA ILIYOPO

Haitakuwa haki kusema kwamba temostati ya nyuzi za chini haina faida yoyote. Silinda hedi yenye joto la chini hupunguza uwezekano wa injini kugonga. Fundi mwenye kompyuta ya kurekebisha injini anaweza kutumia nafasi hiyo kuwasha plagi mapema kidogo na kupata nguvu zaidi. Gari la mashindano likianza hatua ya kilomita kadhaa kwenye vumbi la Bugesera huku injini ikiwa na joto la chini, huwa na akiba ya kutumia kabla ya kufika mahali pa hatari.

Aidha, kuna sababu ya petroli. Subaru na Mitsubishi za kasi zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zilipangwa kutumia petroli ya oktani karibu 100. Petroli ya kawaida katika vituo vya Afrika Mashariki huwa chini ya hapo. Magari hayo yamejaa Nairobi na Kampala, na ndiyo maana ushauri mwingi wa kushusha joto la injini unatoka huko.

Lakini faida hizo zina masharti. Bila kurekebisha kompyuta, nguvu haziongezeki kwa kiasi cha kuonekana. Na bila rejeta yenye uwezo, joto halitabaki chini kwa muda wa kutosha kuleta maana.

GHARAMA ZISIZOANDIKWA KWENYE BEI

Bei ya temostati ni sehemu ndogo tu ya gharama. Zifuatazo ni zile ambazo muuzaji hazitaji.

Mafuta. Injini ikiwa ya baridi, kompyuta huongeza petroli kwenye mchanganyiko. Kama temostati inaizuia injini kufikia joto linalotarajiwa, kompyuta inaweza kuendelea kudhani kwamba gari bado linapashwa. Tuseme gari linatembea kilomita 15,000 kwa mwaka na linakula lita 10 kwa kila kilomita 100. Hizo ni lita 1,500. Ulaji ukiongezeka kwa asilimia 3 tu, ni lita 45 za ziada kila mwaka. Msomaji azidishe kwa bei ya pampu iliyotangazwa na RURA, kisha alinganishe na bei ya kipuri.

Taa ya dashibodi. Magari mengi ya kisasa yana msimbo wa hitilafu P0128, unaomaanisha kwamba maji ya injini hayajafikia joto ambalo temostati ilipaswa kulilinda. Ukifunga temostati ya nyuzi 71 mahali pa ile ya 88, taa ya injini inaweza kuwaka na kubaki imewaka. Siku hitilafu nyingine ya kweli ikitokea, hutaijua.

Oili. Safari nyingi za Kigali ni fupi: Kimironko hadi mjini, Kacyiru hadi Remera. Oili isipopata joto la kutosha haikaushi unyevu na petroli inayovuja kupita ringi za pistoni. Oili hiyo huchafuka mapema, na utando wa rangi ya maziwa huweza kuonekana chini ya mfuniko wa kumwagia oili. Injini pia huchakaa zaidi ikiwa ya baridi kuliko ikiwa na joto lake la kawaida.

Ukaguzi. Mwaka 2025 Rwanda, kupitia mamlaka ya mazingira REMA, ilianza upimaji wa lazima wa moshi wa magari. Injini inayopewa petroli nyingi kuliko inavyohitaji hutoa moshi mchafu zaidi. Gari lililokuwa likipita kwenye kipimo linaweza kukataliwa kwa sababu ya badiliko ambalo mwenyewe aliliona dogo.

KUNG'OA TEMOSTATI KABISA

Katika gereji nyingi za Afrika Mashariki, dawa ya gari linalochemsha ni kung'oa temostati na kuitupa. Kitendo hiki ni kibaya kuliko kufunga ile ya nyuzi za chini. Injini hubaki ya baridi mno kwenye barabara ya wazi. Isitoshe, katika injini nyingi, zikiwemo nyingi za Toyota, temostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia hiyo hubaki wazi. Sehemu ya maji huzunguka bila kupozwa, na gari linaweza kuchemsha mlimani kuliko mwanzo.

KUNUNUA NA KUVUSHA MPAKANI

Magari madogo yenye usukani wa kulia hayaruhusiwi kusajiliwa Rwanda tangu katikati ya miaka ya 2000, tofauti na majirani Uganda, Kenya na Tanzania. Kwa hiyo gari la kasi la Kigali mara nyingi ni toleo la Ulaya au la Ghuba, hata kama jina lake ni lile lile linaloonekana Kampala. Temostati iliyotoka kwenye toleo la Japani inaweza kutofautiana kwa kipenyo, mpira au nyuzi. Mnunuzi asiagize kwa jina la gari peke yake. Atumie namba ya kipuri inayopatikana kwa namba ya chesesi.

Tangu mpaka wa Gatuna ulipofunguliwa tena Januari 2022, baada ya kufungwa Februari 2019, vipuri vya Kampala vimekuwa karibu tena. Lakini mfanyabiashara akumbuke kwamba bidhaa iliyotengenezwa Japani au China haigeuki kuwa bidhaa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa sababu tu imeuzwa Kampala au Nairobi. Haina cheti cha uasili, hivyo isichukuliwe kwamba itavuka bila ushuru. Rwanda pia hutoza VAT ya asilimia 18. Anayenunua hapa Kigali, iwe Gatsata au kwingine, adai risiti ya EBM, maana ndiyo uthibitisho wake akitaka kurudisha kipuri bandia.

KUPIMA KABLA YA KUFUNGA

Temostati inaweza kupimwa nyumbani kwa sufuria ya maji, kipimajoto na uzi. Ining'inize kwenye maji bila kugusa sufuria, pasha taratibu, na uandike nyuzi inapoanza kufunguka. Ikipishana na namba iliyogongwa kwa zaidi ya nyuzi 2 au 3, irudishe.

Kwa Kigali kuna tahadhari moja. Kwa kuwa maji ya sufuria hapa hayapiti nyuzi 95, temostati ya nyuzi 88 haitafunguka kabisa mbele ya macho yako, na ile ya nyuzi 97 haitafunguka hata kidogo. Hilo halimaanishi kwamba ni mbovu. Usiitupe temostati nzima kwa kosa la mwinuko wa mji.

NANI AFUNGE, NANI AACHE

Gari la barabarani ambalo kompyuta yake haijarekebishwa: abaki na temostati ya kiwanda, iliyo mpya na halisi.

Gari lenye temostati inayoongozwa kwa umeme: asibadilishe. Kompyuta tayari inaifanya kazi hiyo.

Gari linalochemsha: asianze na temostati ya nyuzi za chini. Aanze na mfuniko wa rejeta, kisha kiwango na ubora wa kulanti, feni, usafi wa rejeta nje na ndani, pampu ya maji, na mwisho kipimo cha gasketi ya silinda hedi.

Gari la turbo lililoongezewa nguvu, lenye rejeta kubwa, geji ya joto inayoaminika na fundi wa kompyuta anayejua kazi yake: hapo temostati ya nyuzi za chini ina nafasi. Hata hivyo, ishuke kwa kiasi, tuseme kutoka 88 hadi 82 au 78, na amri ya feni ishushwe pamoja nayo. Mwenye EJ ambayo tayari iko nyuzi 78 hana haja kubwa ya kushuka zaidi kwa matumizi ya barabarani.

Gari la mashindano tupu, lisilokwenda kazini asubuhi: nyuzi 68 au 71 zinakubalika, mradi injini ipashwe vizuri kabla ya kuanza na oili ibadilishwe mara kwa mara.

Kwa ufupi, fedha zinazotengwa kwa ajili ya kupoza injini mjini Kigali zina mpangilio wake: mfuniko kwanza, kulanti ya pili, rejeta na feni za tatu. Temostati ya nyuzi za chini ije mwisho, na kwa wengi haitahitajika kabisa.